Ugomvi Utafutiwe Kikao: Uongozi na Migogoro Kitui na Makueni, tangu Misafara hadi Kaunti

Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akaelekea Ukambani, nchi ya Wakamba, kwa mara ya pili. Safari ya kwanza, mwishoni mwa 1849, alikuwa amepokewa Kitui na Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, na akiwa huko tarehe 3 Desemba aliiona theluji ya Mlima Kenya. Safari ya pili wawili hao waliongozana kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu. Aliporejea, jamaa za marehemu walimkabili kwa shtaka zito: imekuwaje mwenyeji wako amekufa nawe umerudi mzima? Krapf alipoona maisha yake yamo hatarini, alitoroka usiku.

Misafara ya Wakamba wa wakati huo iliwakusanya watu wa vijiji mbalimbali, wapagazi, wapiga mishale na wenye mali, kwa safari ya majuma mengi hadi pwani. Kilichowaunganisha kilikuwa heshima ya mtu mmoja. Kivoi alikuwa mwenye mali, mwamuzi na mdhamini wa kila aliyefuatana naye. Alipoanguka, hapakubaki kikao cha kuuliza nini kilitokea na nani awajibike. Kilichobaki ni huzuni iliyotafuta wa kulaumiwa.

Tangu hapo hadi leo, historia ya Kitui na Makueni imelirudia somo hilo kwa sura nyingi. Wakati wa wazee wa kijiji, wa machifu wa mkoloni, wa vikundi vya kulima matuta na wa magavana, swali limekuwa lile lile: watu wanaofanya kazi pamoja wanapokosana, kiongozi afanye nini? Jibu ninaloliona katika historia hiyo ni kwamba ugomvi hutulia pale unapowekewa kikao chenye kanuni mapema, na huchacha pale kiongozi anapotaka kuwa mwenye ugomvi na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Uongozi usio na askari

Wakamba wa zamani hawakuwa na mfalme, wala chifu wa kurithi. Charles Dundas, afisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Kitui mwanzoni mwa karne ya 20, na Gerhard Lindblom, mtaalamu wa mila kutoka Sweden aliyeishi Ukambani miaka hiyo hiyo, waliandika kwa kirefu kuhusu mfumo wao. Nyumba za jirani zilifanya utui, na mambo ya utui yaliamuliwa na baraza la wazee, nzama. Mtu hakuingia nzama kwa ubabe wala kwa kuzaliwa. Alipanda ngazi: kwanza kijana, kisha mume mwenye familia changa, kisha mzee wa baraza, na mwisho mzee wa ithembo, mahali pa kutambikia. Kila ngazi ilikuwa na ada yake ya mbuzi au pombe iliyonywewa na waliotangulia.

Utaratibu huo ulikuwa na maana yake katika kusuluhisha. Aliyeketi kuamua alikuwa amewatumikia wengine kwa miaka na kusikiliza mashauri mengi kabla ya kuruhusiwa kuyasema ya kwake. Tena baraza halikuwa na polisi wala jela. Kiongozi asiye na askari hulazimika kusikiliza, kwa sababu uamuzi ambao upande mmoja umeukataa kabisa hauna wa kuutekeleza. Ndiyo maana mashauri yalichukua muda, na kila upande ukaachwa useme hadi umalize.

Pale ushahidi ulipolingana na hakuna aliyekubali kushindwa, palikuwa na kithitu. Hicho kilikuwa kiapo cha kuogofya: iliaminika kuwa mwongo angekufa yeye pamoja na jamaa zake ndani ya miezi kadhaa. Mwenye kuamini na asiyeamini wanaweza kuona hekima iliyokuwa ndani ya utaratibu huo. Kwa kuwa hatari iliwaangukia ndugu wote, ndugu wenyewe walimshurutisha mtu wao akubali suluhu kabla kiapo hakijaletwa. Hata adhabu ya mwisho kabisa, king'ole, ambayo jamii nzima iliitoa kwa mtu aliyeonekana kuwa tishio la kudumu, haikutolewa bila ridhaa ya jamaa wa karibu wa mshtakiwa. Adhabu hiyo ilikuwa ya kikatili na hakuna wa kuitamani irudi. Lakini kanuni iliyoiongoza haijazeeka: jambo zito halikatwi kabla ya watakaoumizwa nalo kuulizwa.

Chifu awa hakimu wa kesi yake

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira ya vikao virefu. Sheria ya mwaka 1902 ikaruhusu kuteuliwa kwa wakuu wa vijiji, na punde Ukambani ukapata machifu ambao mamlaka yao yalitoka kwa mkuu wa wilaya. Chifu alikusanya kodi, akaandikisha vibarua, akatangaza amri. Na watu wakichukizwa na amri hizo, malalamiko yalipelekwa kwake yeye yeye. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kuanzia 1924 yaliwapa watu mahali pa kusemea, lakini mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya. Kikao kilikuwepo kwa jina, na funguo zake zilikuwa mfukoni mwa mtawala.

Gharama ya mpango huo ilionekana mwaka 1938. Wakati huo eneo kubwa la Makueni ya leo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na liliendelea kuwa hivyo hadi 1992. Serikali iliona ardhi ikimomonyoka na ikahukumu kwamba ng'ombe ni wengi mno. Tatizo lilikuwa la kweli. Makorongo yalionekana kwa macho. Ila dawa iliyochaguliwa ilikuwa amri: ng'ombe wachukuliwe kwa nguvu na wauzwe kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kikihitaji mifugo. Hakuna aliyewauliza wenye ng'ombe, ambao nao walikuwa na hoja yao: ardhi imekuwa finyu kwa sababu mipaka ya hifadhi ya wenyeji iliyowekwa na serikali imewafungia nje ya malisho ya zamani.

Machifu hawakuweza kuibeba hoja hiyo, kwa kuwa ndio waliotumwa kuitekeleza amri. Uongozi ukahamia kwingine. Muindi Mbingu, kutoka Ngelani, na wenzake wa Ukamba Members Association waliwaongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi mwezi Julai 1938, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Gavana hakutaka kuwasikiliza Nairobi. Mwishowe alikwenda Machakos kuhutubia baraza. Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu ulilegezwa. Serikali ilimshinda mtu, ikashindwa na jambo lenyewe. Yote hayo yangeweza kusemwa mezani kabla ng'ombe wa kwanza hajaguswa.

Ugomvi ule ule, kikao kingine

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni kilichofuata, maana udongo uliendelea kumomonyoka hata baada ya Mbingu kupelekwa Lamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi na amri za kuchimba matuta, na kwa muda ikatumia kazi ya lazima. Watu walichimba kwa shingo upande, na matuta mengi yakaharibika kwa kukosa matunzo.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1950, maafisa walipoikubali mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga. Vikundi viliruhusiwa kuwachagua viongozi wao wenyewe na kuamua aina ya matuta watakayotengeneza. Wakayapendelea matuta ya ngazi, ambayo yalihitaji jasho zaidi lakini yalihifadhi maji na kuzaa mazao. Sehemu kubwa ya wachimbaji walikuwa wanawake. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos, Makueni ikiwemo, kwa kipindi cha 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ulipungua. Vilima ambavyo wataalamu wa kikoloni walikuwa wamevikatia tamaa vilikuwa vimevishwa matuta.

Ndani ya mwethya ugomvi haukukosekana. Shamba la nani lianze? Anayechelewa kila siku atafanywaje? Aliye mgonjwa atafidiaje? Siri ya vikundi hivi ni kwamba maswali hayo yalijibiwa mwanzoni, kila mtu akiwa bado hajui kama kanuni itamfaa au itamuuma. Zamu ilipangwa, faini ya mtoro ikatajwa, kiongozi akachaguliwa. Siku ya mzozo ilipofika, kiongozi hakulazimika kubuni hukumu. Aliwakumbusha tu kile walichokubaliana. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na wanamwethya walilijua hilo kabla ya kuviweka pamoja.

Utaratibu huo uliendelea katika mabwawa ya mchanga, yaliyoenea Ukambani hasa tangu miaka ya 1990. Katika Kitui, shirika la SASOL limeshirikiana na wananchi kujenga mamia ya mabwawa hayo: ukuta unaokatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji chini ya jua kali. Ukuta hauhitaji mawe na saruji peke yake. Mto una kingo mbili, na kingo zina wenyewe. Kabla ya msingi kuchimbwa, kamati hukaa na wenye mashamba wa pande zote mbili kukubaliana juu ya njia ya kufikia maji na haki ya kuyatumia. Bwawa lililojengwa kwanza na kujadiliwa baadaye huwa chanzo cha kesi.

Mwana wa Kitui katika Wizara ya Leba

Uhuru ulipokuja, mtu wa Kitui alijikuta katikati ya migogoro ya kazi ya nchi nzima. Eliud Ngala Mwendwa, wa ukoo wa Chifu Mwendwa wa Kitavi, alikuwa Waziri wa Leba katika serikali ya Jomo Kenyatta. Mgomo ulikuwa silaha ya kawaida wakati huo, na vyama vya wafanyakazi viligawanyika pia baina yao.

Msingi ulikuwa umewekwa mwaka 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Leba, pale waajiri, wafanyakazi na serikali walipotia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Mwaka 1964, Mwendwa akiwa wizarani, ikaundwa Mahakama ya Viwanda ili mgogoro usiomalizika mezani uwe na mahali pa kwenda kabla ya kufika barabarani. Mwaka 1965 mashirikisho mawili yaliyokuwa yakipigania wafanyakazi yalipopambana hadi watu wakafa Mombasa, serikali iliyavunja yote mawili na kuunda shirikisho moja, COTU. Ghasia zilikoma, ila Rais alipewa kauli ya mwisho katika kumteua Katibu Mkuu kutoka kwa majina aliyopelekewa. Hapo pana funzo lenye pande mbili. Chombo cha usuluhishi kinachoheshimiwa na wote hupunguza mapigano; chombo hicho kikidhibitiwa na mmoja wa wahusika, amani hupatikana kwa kupunguza sauti.

Risasi Mjini Wote

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na uchaguzi wa Machi 2013 ukazipa magavana na mabunge. Kitui, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 30,000 na wadi 40, ilimchagua Julius Malombe. Makueni, ndogo zaidi ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 8,000 na wadi 30, ilimchagua Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyekuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya katika miaka ya 1990. Kibwana alishinda kwa tiketi ya chama cha Muungano, huku bunge la kaunti likitawaliwa na chama cha Wiper.

Ugomvi ulianzia kwenye bajeti. Gavana aliwalaumu wawakilishi wa wadi kwa kujitengea fedha nyingi mno. Wao wakamlaumu kwa kudharau mamlaka ya bunge. Kila upande ulikuwa na kifungu cha sheria cha kukishika, na kila upande ulienda kwa wafuasi wake. Tarehe 23 Septemba 2014 mvutano huo ulifika katika ofisi za gavana mjini Wote, na risasi zikafyatuliwa. Watu kadhaa walijeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya gavana. Pande mbili zikatupiana lawama juu ya aliyeanza.

Wananchi waliochoka walikusanya saini kuomba serikali yote ya kaunti ivunjwe. Kifungu cha 192 cha Katiba kinamruhusu Rais kuisimamisha kaunti, lakini baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kukubali. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilifika Makueni ikawasikiliza gavana, wawakilishi na wananchi. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamua kutoisimamisha kaunti. Watu wale wale walitakiwa kurudi ofisi zile zile na kuendelea.

Tume haikuwapatanisha, wala haikuwa kazi yake. Ila iliwalazimisha viongozi kueleza ugomvi wao mbele ya waliowachagua, na katika maelezo hayo ilidhihirika kwamba mwananchi alikuwa ametajwa na kila mtu bila kuulizwa na yeyote. Makueni ilijibu kwa kupanua kikao. Mfumo wa kushirikisha umma uliimarishwa kuanzia kijijini: mikutano ya vijiji, kisha makundi 377 ya vijiji, wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na juu kabisa mkutano wa kaunti nzima. Wananchi walipanga miradi kwa kipaumbele na kuchagua kamati za kuisimamia. Mkandarasi hakulipwa kabla ya kamati ya mradi kuridhika na kazi.

Ushirikishaji huo haukumaliza siasa. Lakini ulibadilisha kitu kinachogombaniwa. Gavana na mwakilishi wa wadi walipokutana juu ya bajeti, mezani palikuwa na orodha iliyotoka vijijini, na yeyote aliyetaka kuibadili alipaswa kurudi kuwaeleza wenye orodha. Mwaka 2017 Kibwana aligombea kwa tiketi ya Wiper, chama kile kile kilichokuwa kimemkabili bungeni, akashinda tena. Wengi wa wawakilishi wa bunge la kwanza hawakurudi.

Kitui ilipitia njia yake. Mwaka 2017 Charity Ngilu, aliyewahi kugombea urais mwaka 1997, alimshinda Malombe na kuwa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Kaunti ikapata kiwanda cha nguo ambacho mwaka 2020 kilishona barakoa kwa wingi wakati wa korona. Mwaka huo huo mgogoro wa gavana na wawakilishi ulizidi, wakaanzisha hoja ya kumng'oa, na suala likaishia mahakamani. Mahakama hupima sheria na kutoa amri. Haina uwezo wa kuwafanya wakubwa wawili waandike bajeti pamoja wiki inayofuata. Mwaka 2022 Ngilu alijiondoa katika kinyang'anyiro, Malombe akarudi madarakani. Makueni ikampata Mutula Kilonzo Junior.

Kile historia inachomwambia kiongozi

Mwaka 1925, miaka ambayo mabaraza ya wenyeji yalikuwa yakianza Kenya, mwanafikra wa Marekani Mary Parker Follett alitoa mhadhara juu ya migogoro kazini. Alitaja njia tatu za kuimaliza: mmoja amshinde mwenzake, wagawane hasara, au watafute jibu jipya linaloyabeba matakwa ya wote. Alieleza jinsi yeye na mtu mwingine walivyokuwa katika chumba kidogo cha maktaba, mmoja akitaka dirisha wazi na mwingine akitaka lifungwe; wakafungua la chumba cha pili. Wachimba matuta wa Ukambani walifika hapo kwa njia yao. Serikali ilitaka udongo, watu walitaka chakula na uhuru wa kuamua, na tuta lililochaguliwa na mkulima mwenyewe likawapa wote walichotaka.

Tofauti ya 1938 na miaka ya 1950 haikuletwa na maafisa wenye roho nzuri zaidi, wala tofauti ya Makueni ya 2014 na ile ya 2017 haikuletwa na wanasiasa waliogeuka malaika. Ilitokana na mahali pa kukutania. Kwa mkuu wa idara, mwenyekiti wa chama cha akiba, mwalimu mkuu au gavana, mambo manne yanafuata. Kanuni za kukosana ziwekwe wakati watu wanapatana, maana zikitungwa katikati ya ugomvi kila mtu huzisoma kama mtego. Kiongozi aliye mhusika aachie uamuzi wengine. Mamlaka yake hayapungui kwa kufanya hivyo, na asipofanya hivyo atapata utii wa mdomoni tu. Watakaobeba matokeo waitwe ndani, wawe wenye mashamba ya kingo mbili au wanakijiji wenye orodha yao. Na mahakama, tume na barua za kufukuzana zibaki kuwa mlango wa mwisho, kwa sababu baada ya kupita hapo watu bado wanatakiwa kufanya kazi pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ukambani umejenga kuta nyingi ambazo ufa wake ulikuwa bajeti isiyojadiliwa au ng'ombe aliyechukuliwa bila neno. Kiongozi yeyote anayeanza kazi mwaka huu, Kitui, Makueni au kwingineko, ajiulize swali moja kabla ya mengine: watu wangu wakigombana kesho, na mimi nikiwa mmoja wa wagombanaji, wataketi wapi na nani atasimamia kikao? Asipokuwa na jibu, alitafute leo.